Nani Alimuua? Nafasi ya Mtenda katika Maoni ya Watazamaji wa Tamthilia za Siri za Makampuni

1.0 Utangulizi

Msomaji wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, tangu enzi za Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, amezoea kungoja ukurasa ambapo mpelelezi atamtaja mkosaji kwa jina lake. Mazoea hayo ndiyo anayokwenda nayo mbele ya televisheni. Lakini iko aina ya tamthilia ya uhalifu ambamo mkosaji si mtu bali ni kampuni, na kinachotafutwa si silaha bali ni siri. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mgongano wa maoni kuhusu tamthilia za namna hiyo, kwa kiasi kikubwa, ni mgongano juu ya nani au nini kishike nafasi ya mtenda katika sentensi. Mifano ya sentensi inayotolewa hapa ni ya kutunga. Haikunukuliwa kwa mtazamaji yeyote.

2.0 Tamthilia yenyewe

Mfano wetu mkuu ni Edge of Darkness, mfululizo wa sehemu sita ulioandikwa na Troy Kennedy Martin na kuongozwa na Martin Campbell. Ulionyeshwa na BBC2 ya Uingereza kuanzia tarehe 4 Novemba 1985. Ronald Craven, mpelelezi wa polisi wa Yorkshire (aliyeigizwa na Bob Peck), anashuhudia binti yake Emma akipigwa risasi mlangoni pa nyumba yao. Mwanzoni wote wanadhani kwamba aliyelengwa ni baba, kutokana na kesi zake za zamani. Baadaye inadhihirika kwamba Emma alikuwa mwanachama wa kikundi cha wanamazingira kilichoingia kwa siri katika kituo cha Northmoor, ambako kampuni ilikuwa ikihifadhi plutoniamu kinyume cha taratibu.

Watazamaji waliupokea vizuri. Kabla ya mwezi huo wa Desemba kwisha, mfululizo ulirudiwa katika BBC1, na idadi ya watazamaji ikapanda kutoka takriban milioni 4 hadi takriban milioni 8. Mwaka 1986 ulipata tuzo sita za BAFTA. Hata hivyo, mapokezi hayo mazuri hayana maana kwamba wote waliona kitu kimoja. Mtu aliyefyatua risasi anajulikana na kuuawa na polisi mapema, kabla hajaeleza aliyemtuma. Mwisho unapofika, Craven anakufa kwa mionzi, na kampuni haijafikishwa mbele ya hakimu yeyote. Je, tamthilia hiyo imekwisha, au imekatika? Jibu linategemea swali ambalo mtazamaji alianza nalo.

3.0 Swali la "nani"

Tuchunguze sentensi zifuatazo:

(1) Nani alimuua Emma?
(2) *Nani ilimuua Emma?
(3) Nini kilimuua Emma?
(4) Ni kampuni gani iliyomuua Emma?

Kiulizi "nani" hudai upatanisho wa ngeli ya A-WA. Ndiyo maana (2) haikubaliki. Lakini nomino "kampuni" imo katika ngeli ya I-ZI, na jibu "kampuni ilimuua" haliingii katika nafasi iliyoachwa wazi na swali (1) bila ya kubadili upatanisho. Sentensi (3) nayo haitoshi, kwani "nini" huuliza chanzo cha kifo, kama vile ugonjwa au ajali, wala haibebi dhana ya kukusudia. Sentensi (4) ni sahihi, ila muulizaji wake amekwisha kujua kwamba mkosaji ni kampuni. Anachotaka ni jina lake tu. Kwa hiyo hatuna kiulizi chepesi cha kumtafuta mtenda ambaye si mtu lakini ana makusudi ya mtu. Sheria huihesabu kampuni kuwa mtu. Sarufi yetu haikufanya hivyo.

Mtazamaji aliyeanza na swali (1) amekwisha kujibiwa pale muuaji anapojulikana, na sehemu zinazobaki zinaweza kumwonekea kama nyongeza. Aliyebadili swali njiani, akaanza kuuliza ni nini kilichokuwa kikilindwa na kwa faida ya nani, ataona kwamba hadithi ndipo inapoanza. Hapa pana ushahidi wa kuvutia. Mwaka 2010 Campbell huyo huyo aliongoza filamu ya jina hilo hilo iliyohamishiwa Boston, Marekani, ambamo Mel Gibson ni Craven. Katika filamu, Craven anamuua mkuu wa kampuni kwa mkono wake. Yaani swali la "nani" limepatiwa mtu, naye ameadhibiwa. Mtazamaji anaondoka ameridhika, lakini kampuni, kama muundo, imetoka nje ya sentensi.

4.0 "Na" na "kwa"

Tofauti hiyo hujitokeza tena katika kauli ya kutendwa:

(5) Emma aliuawa na mtu mwenye bunduki.
(6) Emma aliuawa kwa sababu ya siri ya kampuni.
(7) Emma aliuawa na kampuni.

Kwa kawaida "na" humtambulisha mtenda, na "kwa" huonyesha ala, namna au sababu. Maoni ya aina ya (5) yanaishia kwa mkono uliofyatua risasi. Maoni ya aina ya (6) yanaonekana kuwa makali zaidi, kwa kuwa yanaitaja kampuni. Lakini tukiyatazama vizuri tunaona kwamba kampuni imebaki kuwa mmiliki wa siri tu, haijatenda lolote. Ni (7) pekee inayoishtaki. Watazamaji wawili wanaweza kukubaliana kuhusu kila tukio la mfululizo, na bado wakatofautiana kati ya (6) na (7). Tofauti yao haiko katika matukio. Iko katika hukumu.

5.0 Kauli ya kutendeka na siri ya kweli

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya hadithi. Tutazame basi tamthilia ya Mr Bates vs The Post Office, iliyoonyeshwa na ITV tarehe 1 hadi 4 Januari 2024. Si ya kubuni kama ile ya kwanza, bali inasimulia kisa cha wasimamizi wa ofisi ndogo za posta za Uingereza walioshtakiwa kwa wizi na udanganyifu baada ya mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, ulioanza kutumika mwaka 1999, kuonyesha upungufu wa fedha usiokuwepo. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani.

Kiini cha kisa hiki chaweza kuelezwa kwa sentensi mbili:

(8) Fedha zimepotea.
(9) Siri ilifichika.

Vitenzi vya namna hii havimpi mtenda nafasi. Hatusemi *"siri ilifichika na mkurugenzi". Nafasi hiyo inapokuwa tupu, mwenye nguvu ndiye anayeijaza. Wengi wa wasimamizi wale waliambiwa kwamba wao peke yao ndio wenye tatizo hilo. Hivyo kila mmoja akawa mtenda wa sentensi ambayo haikuwa na mtenda.

Hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 2019 ilikwisha kueleza kwamba mfumo ulikuwa na kasoro. Hata hivyo, ni baada ya tamthilia ndipo hasira ya umma ilipopanda ghafla: watu zaidi ya milioni moja walitia saini ombi la kutaka mtendaji mkuu wa zamani avuliwe nishani yake, na Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hatia za mamia ya wahanga. Watazamaji walikuwa wameacha kuuliza nani aliiba, wakaanza kuuliza nani alijua.

6.0 Hitimisho

Hatudai kwamba sarufi ya Kiswahili inamzuia mtu kufikiri. Swali la kumtafuta muuaji huelekea kwa mtu katika Kiingereza pia. Upatanisho wetu wa ngeli unalidhihirisha jambo hilo tu. Wala hatusemi kwamba mtazamaji hahukumu uigizaji, muziki au taharuki. Tunachosisitiza ni kwamba mtafiti wa maoni ya watazamaji asiishie kuhesabu waliopenda na waliochukia. Hana budi kuchunguza ni nani anayeshika nafasi ya mtenda katika sentensi zao. Kadhalika, mfasiri wa tamthilia kama hizi, na mwandishi wa habari anayeripoti madhara yaliyosababishwa na kampuni, wanapochagua kati ya "na" na "kwa", au kati ya "ilifichwa" na "ilifichika", wajue kwamba wanaamua nani atajibu na nani hataulizwa.