Baiskeli Ikianguka Chumbani: Ikague Kabla Hujaipanda

Niko Sheffield, mji wa vilima na manyunyu yasiyokwisha. Somo la leo ni la ufundi kidogo, lakini limezaliwa na kisa changu mwenyewe ambacho sijivunii. Nakitoa hadharani ili mwenzangu asije akarudia.

Wengi wetu tulikusanyika Septemba 2025 kuangalia mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yaliyofanyika Kigali, mara ya kwanza mashindano hayo kuja Afrika. Mbio za wanaume alizichukua Tadej Pogačar wa Slovenia, lakini sisi sebuleni tulikuwa tunashangilia vile vilima na ule umati wa watu wa kwetu waliojipanga barabarani. Mimi nikatoka pale na moto wa ghafla. Nikaapa kwamba nitafanya mazoezi mpaka kitambi cha chipsi kiishe.

Basi baridi ikaingia, saa kumi jioni tayari giza. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa anahama akaniuzia kwa bei ya kutupa ile stendi ya mazoezi ya ndani, wenyewe wanaiita treina. Kwa asiyeijua: ni stendi ya chuma inayobana ekseli ya gurudumu la nyuma kwa vikombe viwili, kulia na kushoto. Tairi inakaa juu ya rola, unakanyaga pedeli huendi popote. Jasho tu.

Baiskeli sasa. Haikuwa yangu. Dada yetu mmoja wa Mombasa, anayesomea shahada ya uzamivu, alikwenda nyumbani miezi miwili kukusanya data, akaniachia baiskeli yake nitembelee. Hiyo ndiyo anayompelekea mwanawe chekechea, ina kiti cha mtoto nyuma. Mimi nikakivua kile kiti, nikakiweka juu ya kabati, nikaifunga baiskeli kwenye treina. Ruhusa ya kufanya hivyo sikuomba.

Jumamosi moja mwisho wa Novemba, Dada akiwa anarudi Jumatatu, nikasimama juu ya pedeli nikajifanya niko Kigali. Kikombe cha kulia kikaachia. Baiskeli ikaruka upande, ikalala kulia, mkono wa gia ukagonga mguu wa kitanda cha chuma. Mimi nikatua kwa kiwiko. Jirani wa chini akagonga dari kwa mpini wa fagio.

Nikainuka, nikaiinua baiskeli, nikaitazama. Mkwaruzo mdogo tu. Nikajisemea, haijaenda hata hatua moja, itakuwa imeharibika nini? Nikapanga kuifuta vumbi, kurudisha kiti cha mtoto, na kumkabidhi mwenyewe bila kusema neno.

Aliyenizuia ni kaka mmoja wa Kigoma ninayekaa naye nyumba moja. Amekulia kwenye kibanda cha fundi baiskeli, baba yake ndiye fundi. Aliposikia kishindo alikuja na tochi. Yafuatayo ndiyo aliyonifundisha usiku ule, nami nayaandika kwa mpangilio wake.

KWA NINI ANGUKO LA NDANI SI DOGO

Ukianguka barabarani, mara nyingi baiskeli inateleza, nguvu ya pigo inaishia kwenye lami. Chumbani hakuna kuteleza. Inadondoka pale pale kwa ubavu, juu ya kitu kigumu kama kitanda au kona ya meza. Tena huenda upande mmoja bado umebanwa na treina wakati upande wa pili umeshaachia, kwa hiyo fremu inasokotwa kama mtu anayekamua nguo. Fremu imeundwa kubeba uzito wa mtu kutoka juu, haikuundwa kwa kusokotwa hivyo kwenye ekseli.

KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE

Anza na mwili wako. Umegonga kichwa? Kiganja kinavimba? Baiskeli itasubiri.

Halafu usikanyage pedeli na usibadilishe gia. Jiulize imeangukia upande gani na nini kiligonga nini. Upande wa kulia ndio mbaya zaidi, kwa sababu ndiko kuliko na cheni na gia. Piga picha. Kisha ifute yote kwa kitambaa chenye maji na sabuni ya vyombo, maana ufa hujificha chini ya uchafu.

1. GURUDUMU LA NYUMA

Kagua kwanza ule mchuma mwembamba wenye mkono wa kukaza, unaopita ndani ya ekseli. Uchomoe, uviringishe juu ya meza. Ukirukaruka, umepinda, tupa. Tazama pia yale mapengo ya fremu yanayobeba ekseli, yasiwe yametanuka au kuchanika.

Rudisha gurudumu, linyanyue, lizungushe polepole kwa mkono. Tazama nafasi kati ya rimu na raba za breki. Kama inapanuka na kubana, gurudumu limepinda. Kama breki zako ni za diski, tazama diski yenyewe, isiwe inacheza kushoto na kulia. Bana spoku mbilimbili kwa vidole. Iliyolegea kuliko wenzake utaijua. Mwisho lishike gurudumu kwa juu ulisukume kulia na kushoto. Likigongagonga, kuna tatizo kwenye beringi au ekseli.

2. MKONO WA GIA

Hapa ndipo palipo na hatari ambayo sikuijua. Ule mkono wa chuma wenye vigurudumu viwili vidogo, unaohamisha cheni, haukufungwa moja kwa moja kwenye fremu. Baiskeli nyingi za siku hizi zina kipande kidogo cha aluminiamu katikati, fundi wangu anakiita sikio. Kimetengenezwa laini makusudi, ili pigo likija kipinde chenyewe na fremu ipone.

Simama nyuma ya baiskeli, chuchumaa, tazama. Vile vigurudumu viwili na jino la gia lililo juu yake vinatakiwa viwe kwenye mstari mmoja wima. Kama mkono umeinama kuelekea kwenye spoku, sikio limepinda.

Kumbe baiskeli yenye sikio lililopinda inaweza kwenda vizuri kabisa kwenye gia za kawaida. Siku ukifika kwenye mlima na kushusha mpaka gia nyepesi kuliko zote, cheni inasogea kwenye jino kubwa lililo karibu na spoku, na mkono nao unaifuata. Ukiwa umepinda, unaingia katikati ya spoku gurudumu likizunguka. Gurudumu linakwama papo hapo.

Langu lilikuwa limepinda. Kaka alinionyesha kwa kuzungusha pedeli kwa mkono taratibu, akipandisha gia moja moja. Kwenye jino kubwa, chuma kilianza kulamba spoku, tik, tik, tik. Akaniuliza, "Nyumbani kwa Dada ni mlimani au bondeni?" Ni mlimani. Nikatazama kile kiti juu ya kabati, nikakosa la kusema.

3. USUKANI NA FOKI

Simama mbele, bana gurudumu la mbele kati ya magoti, uone kama usukani umenyooka nalo. Mara nyingi umezunguka tu kwenye shingo, unalegeza nati unaunyoosha. Ukikaza tena, fuata kipimo kilichoandikwa pale na usitumie ubabe.

Kisha bana breki ya mbele, isukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mchezo shingoni, beringi zimelegea au zimeumia. Tazama mikono ya breki kama imepinda, na vuta kila mmoja kwa nguvu zako zote. Chungulia pia foki kwa ubavu na kwa mbele, miguu yake miwili iwe sawa.

4. FREMU

Pitisha tochi kwa kulaza mwanga, si kumulika moja kwa moja. Sehemu za kutazama sana ni pale mabomba yanapounganishwa, bomba la juu ambapo usukani unaweza kugeuka na kulipiga, na mabomba mawili ya nyuma karibu na ekseli. Pitisha kucha. Mkwaruzo wa rangi hauvuki rangi. Mstari unaoendelea kulizunguka bomba, au rangi iliyokunjamana, huo ni wasiwasi.

Kila madini na tabia yake. Chuma cha kawaida hupinda kabla ya kukatika, na fundi mzuri anaweza kukinyoosha. Fremu ya aluminiamu usijaribu kuinyoosha. Ufa wake ukishaanza hukua kila unapokanyaga, na siku ya kukatika haitoi taarifa. Kaboni ni kigeugeu zaidi, kwa sababu nyuzi zinaweza kuvunjika ndani huku nje kunang'aa. Wengine hugonga kwa sarafu taratibu wakisikiliza. Mlio mkavu ukibadilika kuwa mzito mahali pamoja, hapo pana shaka. Lakini mlio mzuri si cheti. Kaboni iliyopigwa mpelekee mtaalamu.

5. PEDELI, KISHA MAJARIBIO

Zungusha pedeli kwa kidole. Ikiyumba, ekseli yake imepinda. Mwisho wa yote, yote yakiwa sawa, ipeleke uani. Endesha mwendo wa mtu anayetembea, funga breki kwa nguvu, pitia gia zote. Sikiliza. Mlio mpya usioujua usiupuuze.

ILIKUWAJE IKAACHIA?

Kosa lilikuwa langu. Treina nyingi za aina hii huja na mchuma wake wa ekseli, wenye ncha za chuma zinazokaa sawasawa ndani ya vikombe. Wangu ulikuwemo mfukoni, sikuutumia. Niliacha ule wa baiskeli, ambao ncha yake ina plastiki ya duara. Kwa hiyo: tumia mchuma wa treina, kaza vikombe, itikise baiskeli kwa nguvu kabla ya kupanda, na sogeza kitanda. Ukimaliza futa jasho, maana chumvi yake inakula nati za usukani. Na kama baiskeli ni ya kaboni, soma kwanza karatasi ya dhamana, kwani si kila mtengenezaji anaruhusu treina.

Jumapili asubuhi nikampigia Dada simu kabla hajapanda ndege. "Shikamoo Dada." "Marahaba, kwema?" Nikamwambia yote, na la ruhusa pia. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mdogo wangu, mkwaruzo si kitu. Lakini Jumanne ningempakia mtoto na kuteremka naye mjini. Ungeniachaje nisijue?" Sikuwa na jibu, nikaomba radhi.

Sikio jipya lilinigharimu pauni 18. Yako maumbo mengi mno, kwa hiyo vua la zamani uende nalo dukani wakufananishie. Kaka alilifunga, akarekebisha gia, tukaijaribu uani mara tatu. Fremu ilikuwa salama. Ule mstari wa bomba la nyuma ulikuwa rangi tu. Mchana wa Jumanne nikamwona Dada anapita na mwanawe nyuma, kofia kichwani, wananipungia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza: ukiuficha kwenye mali ya mwenzio, ukuta utamwangukia yeye. Kwa leo naishia hapa. Mwenye treina na asiye na tochi, chumba changu mnakijua, njooni tukague pamoja.