Breki ya Mbele Isidharauliwe

Wasomaji wenzangu, baisikeli ni mali kubwa katika nyumba zetu. Hupeleka mahindi mashineni, maji nyumbani na watoto shuleni. Lakini wakati wa likizo, nikimsaidia mjomba wangu kazi ya ufundi, naona kwamba nyingi zina breki ya nyuma tu. Nyingine hazina hata hiyo, na mwendeshaji husimama kwa kukanyaga tairi kwa kandambili. Ukiuliza sababu, utaambiwa kwamba breki ya mbele humwangusha mtu kichwakichwa. Yafaa fikira hiyo iachwe.

Baisikeli inapopunguza mwendo, uzito huelemea mbele. Gurudumu la nyuma huwa jepesi, na likibanwa sana huteleza tu. La mbele hukandamizwa chini, nalo ndilo lenye nguvu ya kusimamisha. Kinachoangusha ni kubana kwa ghafula. Bana zote mbili taratibu, kisha uongeze nguvu huku umejisukuma nyuma kidogo. Penye mchanga, ya mbele ibanwe kidogo sana.

Tena tukumbuke somo la fizikia: mwendo ukizidi mara 2, nishati huzidi mara 4. Ikiwa breki husimamisha baisikeli kwa mita 3 katika mwendo wa kilometa 10 kwa saa, kwa kilometa 20 zitatakiwa mita 12. Ukipakia gunia, umbali huzidi tena.

Kufunga raba mpya si kazi ngumu. Kwanza, futa mafuta yote kwenye rimu. Pili, tia raba katika kikombe chake. Upande ulioziba uelekee kule rimu inakokwenda, ama sivyo raba itachomoka. Tatu, hakikisha raba inagusa rimu peke yake, wala si tairi wala spoki. Nne, acha nafasi ya milimita 2 au 3, kisha kaza nati sawasawa.

Wengine hutaka kuondoa breki za vyuma na kuweka za waya. Wasikimbilie kununua. Breki ya vyuma hubana rimu kwa ndani, upande wa spoki. Ya waya hubana ubavuni. Rimu za baisikeli nyingi za zamani zina ubavu wa mviringo, kwa hiyo raba za breki ya waya hazipati pa kushika. Itakubidi ubadili na rimu. Hapo chagua ya alumini, kwani wakati wa mvua raba huishika vizuri kuliko chuma. Kama fedha hazitoshi, raba mpya na breki ya mbele iliyotengenezwa vyema zitakufaa sana.

Wazazi wetu, kabla mtoto hajapewa baisikeli, bana breki ya mbele na kuisukuma. Gurudumu likizunguka, asiondoke. Kinga ni bora kuliko tiba.

Mwanafunzi, Kidato cha IV