SOMO LA WIKI: Siga na bia nyeusi, ladha moja, hesabu mbili

Wenye baa na maduka ya vileo huulizwa mara kwa mara ni kinywaji gani kinachofaa kuuzwa pamoja na siga, ile sigara nene iliyosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku bila karatasi. Jibu la zamani lilikuwa konyaki au ramu. Nchini Marekani, kuanzia miaka ya 1990, bia nyeusi za viwanda vidogo nazo zilipata nafasi mezani.

Sababu yake inaeleweka. Siga iitwayo maduro ina jani la nje jeusi, lililochachushwa kwa joto na kwa muda mrefu hadi likapata utamu wa mbali. Bia aina ya stout hupata weusi wake kutokana na shayiri iliyokaangwa sana, ndiyo maana ladha yake hukaribia kahawa au kakao. Ladha hizo mbili hukutana, na gesi ya bia husafisha ulimi baada ya moshi. Kinachozingatiwa ni nguvu kwa nguvu: siga laini yenye jani hafifu la Connecticut humezwa kabisa na stout yenye kilevi cha asilimia 10. Bia nayo isitolewe ya baridi kali. Nyuzijoto 10 hadi 13 zinatosha, kwani baridi huficha ladha ambayo mteja ameilipia.

Kwa mwenye baa, faida iko kwenye muda. Siga ya ukubwa wa kati huwaka kwa dakika 45 hadi saa moja, na mteja huyo hanyanyuki kitini.

Stoo, hata hivyo, bidhaa hizi hazipatani. Siga huhitaji hewa yenye unyevu wa asilimia 70 hivi na joto la nyuzi 18 hadi 21. Joto likizidi 24 au 25, mayai ya mdudu wa tumbaku huweza kuanguliwa na boksi zima likatobolewa; mfanyabiashara wa Mombasa au Dar es Salaam hana budi kulihesabu hilo kabla ya kuagiza. Kuziweka kwenye friji ya bia si dawa, maana friji hukausha hewa na jani hupasuka. Siga ikitunzwa vema hukaa miaka. Bia nyingi huchakaa baada ya miezi, isipokuwa zile stout kali sana. Kwa hiyo mtaji wa bia huzunguka haraka, wa siga hulala. (Wakulima wa Tabora na Urambo wasijipe matumaini hapa: tumbaku yao ya mvuke ni ya sigara za kawaida, ilhali siga hutaka jani lililokaushwa kwa hewa.)

Wawekezaji wadogo wa Marekani walilipia somo hili kwa fedha taslimu. Jarida la Cigar Aficionado lilianzishwa mwaka 1992, na uvutaji wa siga ukawa alama ya mafanikio. Siga za daraja la juu zilizoingizwa Marekani, ambazo zilikuwa kama milioni 100 kwa mwaka, zilipita milioni 400 mwaka 1997. Wenye maduka walipoona mzigo unachelewa, waliagiza mara mbili ya mahitaji ili wapate angalau nusu. Viwanda vilihesabu oda hizo kuwa wavutaji halisi. Vikazuka viwanda vipya vilivyosokota majani mabichi ambayo hayajakaa vya kutosha, kwa majina ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia. Mzigo wote ulipofika kwa pamoja, bei zilianguka.

Kampuni ya Consolidated Cigar iliuza hisa kwa umma Agosti 1996 kwa dola 23 kila moja. Mwishoni mwa 1998 Seita ya Ufaransa ilikubali kuinunua kwa dola 17.85 kwa hisa.

Upande wa bia mambo yalikuwa hayo hayo, pengine mabaya zaidi. Pete's Brewing, iliyojulikana kwa bia yake ya kahawia iliyokoza, iliingia sokoni Novemba 1995 kwa dola 18. Mwaka 1998 iliuzwa kwa dola 6.375 kwa hisa. Aliyenunua hisa 100 za kila kampuni kwa bei ya mwanzo alitoa dola 4,100, akaondoka na dola 2,422.50, kabla ya ada za dalali.

Baadaye sheria ziligusa meza yenyewe. Ireland, kwao stout, ilipiga marufuku uvutaji ndani ya baa mwaka 2004. Kenya ilipitisha sheria ya kudhibiti tumbaku mwaka 2007. Baa inayotaka kuuza vitu hivi kwa pamoja huhitaji kwanza sehemu ya kuvutia inayokubaliwa na sheria, na gharama hiyo huingia kwenye bei ya chupa.

Boston Beer nayo iliingia sokoni Novemba 1995. Wanywaji wake waliuziwa fungu la hisa 33 kwa dola 15 kila moja, wakati wawekezaji wakubwa walilipa dola 20. Miaka michache baadaye hisa hiyo ilikuwa chini ya dola 10, na wengi waliiuza. Waliovumilia waliiona ikivuka dola 1,000 mwaka 2021. Iliyoipandisha hadi hapo haikuwa bia nyeusi. Ni maji ya gesi yenye kilevi na ladha ya matunda, na hayo hayafai kabisa kunywewa na siga.