Mshtarii: Sayari Isiyoshika Nanga

Usiku mmoja nilikuwa nimeketi ufuoni Ngomeni pamoja na babu yangu, ambaye ni mvuvi. Akanionyesha nuru kali angani, iliyotulia tuli bila kukonyeza kama nyota. Nikamwambia, "Babu, ile si nyota, ni sayari ya Mshtarii. Imeumbwa kwa hewa." Akacheka. "Sasa mtu akifika huko, nanga ataitia wapi?" Nikanyamaza. Mimi ninayejigamba kwa fizikia! Aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka maktabani, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, Mshtarii ndiyo kubwa kuliko sayari zote zinazolizunguka jua letu. Upana wake kwenye ikweta ni kama kilomita 143,000, yaani Dunia 11 zikipangwa mstari mmoja. Uzito wake ni sawa na Dunia 318. Ajabu ni kwamba, pamoja na unene wote huo, hujizungusha upesi mno: siku yake haitimizi saa 10. Lakini mwaka wake ni karibu miaka 12 yetu. Mimi wa miaka 16, huko ningekuwa na mwaka mmoja na kitu tu!

Pili, sehemu yake kubwa ni hidrojeni na heliamu. Lile Doa Jekundu lake ni dhoruba iliyo pana kuliko Dunia nzima. Kusi letu ni mchezo tu!

Tatu, nanga. Tarehe 7 Desemba 1995, chombo kidogo kilichopelekwa na Galileo kilishuka humo kwa parachuti. Kilituma habari kwa dakika 58 hivi, kisha kikashindwa na joto na mkandamizo. Hakikugonga ardhi, maana haipo. Hewa huzidi kubanwa kadiri unavyoshuka, hadi ikawa kama maji.

Wala msidhani mambo haya yako mbali nasi. Hapa hapa Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa satelaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani kutengwa kwa kuchunguza anga kwa eksirei. Na tarehe 25 Desemba 2021, dishi la Malindi lilinasa mawimbi ya darubini ya James Webb ilipoachana na roketi yake. Mwaka wa 2022 darubini hiyo ikaipiga picha Mshtarii.

Nikamrudia babu: "Nanga haishiki, babu. Huzama tu." Akasema, "Ahaa! Leo umenijibu."

Wenzangu, ukiulizwa usilolijua usione haya. Nenda ukatafute.