Kutoka Kalundu hadi Mbagala: pale pa kubadilishia usafiri

Dar es Salaam watu wanashuka treni ya umeme, yaani SGR, na kwenda kupanda mabasi ya mwendokasi. Sisi wa Uvira tukishavuka Ziwa Tanganyika kutoka bandari yetu ya Kalundu hadi Kigoma, reli hiyo ni yetu pia. Ila safari huharibikia pale pa kubadilishia chombo.

1. Sogeza saa yako ukiwa bado botini. Kigoma wako saa 1 mbele yetu. Saa yako ikisema saa 2 asubuhi, stesheni ni saa 3, na treni haina habari na saa ya Uvira.

2. Pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano zikae mfukoni, si chini ya gunia la ndagala. Jina la kwenye tiketi ya SGR lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Mambo ya kutumia la ubatizo leo na la ukoo kesho tuyaache nyumbani.

3. Kigoma unaanza na treni ya reli ya zamani, si ya umeme. Reli hiyo ilifika ziwani mwaka 1914 na haina haraka. Chukua daraja la kulala kama mfuko unaruhusu.

4. Shuka Dodoma ukapande SGR. Stesheni ya zamani na ya SGR ni mbili tofauti, basi mtajie bodaboda unayoitaka. SGR ilianza kubeba abiria mwaka 2024, hukimbia hadi kilomita 160 kwa saa, na Dar unafika kwa saa 4 hivi. Usikate tiketi mbili zilizobanana: ya zamani ikichelewa, ya umeme haikungojei. Bora ulale Dodoma usiku mmoja.

5. Dar utashukia Stesheni ya Magufuli. Mwendokasi wa karibu uko Gerezani, lakini si mlango kwa mlango, na kwa jengo la fahari namna ile, naona wangetufikiria zaidi sisi wenye mabegi. Ukiwa na mzigo chukua bajaji, mpatane bei kabla hujakaa.

6. Nauli ya mwendokasi hulipwa kabla ya kupanda, na franka hawazitaki. Saa 11 jioni usijaribu kuingia na magunia. Gerezani uliza mapema: la Kimara au la Mbagala? Basi la mwendokasi halishushi katikati ya vituo, hata ugonge bodi namna gani.