Nyama wa Pori Aliyefungwa Mulangoni

Somo kwa wagonjwa na kwa jamaa zao wanaowalinda

Katika miji yetu mingi mutu akipita ataona nyama mudogo amefungwa kamba kiunoni mbele ya nyumba. Mara nyingi ni kima, ambaye wengi wanamwita makako. Pengine ni kasuku wa rangi ya majivu mwenye mukia mwekundu, na mabawa yake yamekatwa. Pengine ni mutoto wa sokomutu, yule ambaye vitabu vinamwita sokwe. Lakini hao wamepunguka sana. Watoto wa jirani wanamuzunguka, wanamupa ndizi, wanamucheka. Wenye nyumba wanasema: Huyu ni rafiki yetu, anakula pamoja nasi.

Somo hili ni juu ya rafiki huyo. Hatusemi juu ya kuku, mbuzi, ngombe na mbwa. Hao walizoea kukaa na watu tangu zamani sana, kizazi kwa kizazi, na mutoto wao anazaliwa tayari kwa kukaa na mutu. Nyama wa pori si hivi. Ukimuzoeza mumoja, umezoeza yule mumoja tu, tena kwa wakati wa utoto wake.

MAMA YAKE YUKO WAPI?

Hili ni ulizo la kwanza, na mama mwenye mutoto mugongoni atalifahamu kuliko mutu mwingine. Mutoto wa sokomutu ananyonya miaka mine au mitano. Miezi ya kwanza anashikamana na tumbo la mama yake muchana na usiku, halafu anapanda mugongoni. Mama yake anazaa mara moja tu katika miaka mitano hivi. Je, mama wa namna hii atamwacha mutoto wake njiani ili mutu apite na kumuokota? Sivyo. Yule anayeuzishwa katika kitunga alitolewa juu ya maiti ya mama yake. Na mara nyingi wengine wa jamaa yake walikufa siku ile ile, kwa kuwa wakubwa wanakuja kumutetea mutoto. Nyama ya mama ilikaushwa kwa moshi, ikauzishwa. Mutoto hakutosha chungu, basi akauzishwa muzima.

Mwaka 2007 walinzi wa pori la Virunga walikuta mutoto wa gorila mwenye miezi miwili hivi, ameshikamana na mwili wa mama yake aliyepigwa risasi. Wakamupa jina la Ndakasi. Alilelewa na watu pale Rumangabo, akaishi miaka 14, akafa mwezi wa Septemba 2021. Alipata chakula, dawa na mapendo ya walinzi wake; watu wa inchi nyingi walijua sura yake. Hata hivi hakurudi kuishi pamoja na jamaa ya gorila mulimani. Hayo ndiyo yaliyopatikana kwa nyama aliyetunzwa vizuri sana. Sasa fikiri juu ya yule wa kwetu, anayeshinda juani na kamba kiunoni, na anapokomaa kamba haikomai pamoja naye, mpaka inaingia ndani ya mwili.

Katika Torati kuna agizo dogo ambalo sisi wahubiri tunaliruka mara nyingi. Liko katika Kumbukumbu la Torati 22, mustari wa 6 na wa 7, nalo ni juu ya kiota cha ndege. Mutu akikuta mama amelalia makinda au mayai, asitwae mama pamoja na watoto. Ruhusa ya kutwaa makinda iko, hatutaificha. Torati haikumukataza mwenye njaa kula. Lakini mama aachwe aende zake. Biashara ya sokomutu inafanya nini? Inaua mama, inatwaa mutoto, haiachi kitu kiotani.

«NILIMUNUNUA KWA HURUMA»

Mukristo akiulizwa, mara nyingi anajibu hivi, naye hasemi uwongo. Alimuona mutoto amelegea, anatetemeka, vidole vyake sawasawa na vidole vya mutoto wa mutu, na moyo wake ukamuuma. Akatoa feza.

Ndugu, huruma yako ni ya kweli. Lakini fuata njia ya feza ile. Muwindaji hakuuliza kama ilitoka kwa mwenye huruma au kwa mwenye kiburi anayetaka kuonyesha wageni wake kitu cha ajabu. Yeye anajua tu kwamba mutoto wa kwanza alipata bei nzuri, na kwamba porini wako wengine. Atarudi na waya wake na bunduki yake. Umemutoa mumoja katika kitunga, na kwa feza ile ile umeagiza wa pili, pamoja na kifo cha mama wa pili.

Kwa sababu hiyo vituo vinavyolea hawa yatima havinunui nyama. Kiko kimoja Lwiro, kaskazini ya Bukavu, karibu na pori la Kahuzi-Biega; kilianza mwaka 2002, nacho kinalea sokomutu zaidi ya 100. Kiko kingine Lubumbashi, kinaitwa J.A.C.K., tangu mwaka 2006. Karibu na Kinshasa kiko Lola ya Bonobo, kilichoanza mwaka 1994 kwa ajili ya bonobo, ambao hawako porini katika inchi nyingine yo yote ila Kongo. Vinapokea wale walionyanganywa na wakubwa wa serikali. Hata kule hawana salama kamili. Mwaka 2022, mwezi wa Septemba, wezi waliingia usiku kwa J.A.C.K. wakaiba watoto watatu wa sokomutu, kisha wakaomba feza ili wawarudishe. Tazama bei inavyofanya: nyama akigeuka feza, mwizi anamutafuta hata mahali alipokimbilia.

Sheria ya inchi yetu ya tarehe 11 Februari 2014 inalinda nyama hawa. Na kwa kasuku wa mukia mwekundu, mataifa yalipatana mwaka 2016 kukataza biashara ya wale waliokamatwa porini kutoka inchi moja mpaka nyingine, na katazo likaanza mwaka 2017. Wanakamatwa kwa ulimbo juu ya matawi, wanasongwa katika masanduku, na wengi wanakufa njiani. Yule mumoja anayeimba barazani alipona, wenzake hukuwaona.

UGONJWA UNAOTOKA KWAKE

Kima na sokomutu wana mwili unaofanana sana na wetu, kwa hiyo magonjwa yanavuka upesi. Minyoo na kuhara yanapita kwa mavi yake, kwa mikono ya watoto na kwa sahani moja. Akiuma, jeraha linaoza upesi, na pepopunda inaweza kuingia. Juu ya yote kuna kichaa cha mbwa. Jina ni la mbwa, lakini kima vilevile anaweza kuwa nacho, na mutu akianza kuonyesha alama za ugonjwa ule, waganga hawana dawa ya kumuponya.

Mwaka 1967 tumbili kutoka Uganda walipelekwa Ulaya, katika nyumba ambazo watu walifanya kazi ya chanjo. Waliogusa damu na viungo vyao walishikwa na homa kali na kutoka damu, katika muji wa Marburg na wa Frankfurt kule Ujerumani, na Belgrade katika inchi iliyoitwa Yugoslavia wakati ule. Watu 31 waliugua, 7 wakafa. Ugonjwa haukuwa na jina. Wakaupa jina la muji wa Marburg. Hao walikuwa watu wenye elimu na vyombo vya kazi. Mutoto wako anayelala na kima kitandani ana chombo gani?

Tena kuna mpox, ambao tulizoea kuuita ndui ya nyani. Virusi vyake vilionekana mara ya kwanza mwaka 1958 katika nyani waliofungwa mahali pa uchunguzi Copenhagen, na kwa mutu mara ya kwanza mwaka 1970, kwa mutoto wa miezi 9 upande wa Basankusu, hapa Kongo. Siku hizi unapita sana kutoka mutu kwa mutu, basi usimusingizie kima kwa kila kipele. Wenye uchunguzi wanafikiri zaidi juu ya panya wa pori na kuchakuro. Lakini sikia habari ya mwaka 2003. Panya wakubwa na nyama wengine wadogo walipelekwa kutoka Ghana mpaka Marekani ili wauzishwe kwa watu wanaopenda kufuga. Wakawekwa karibu na nyama wadogo wa kule, wenye kuchimba mashimo, na wakawaambukiza. Watu wakanunua hawa wadogo, wakawapeleka nyumbani kama vitu vya kuchezea watoto. Watu 47 walihesabiwa kuwa na mpox. Hakuna aliyekufa, lakini wote walikuwa mbali sana na pori letu.

Kasuku naye ana homa yake, inayoingia kwa vumbi la mavi yake makavu na la manyoya, na kushika mapafu. Mwaka 1929 na 1930 iliua watu katika Ulaya na Amerika kwa sababu ya kasuku waliobebwa na merikebu. Leo dawa iko. Kwa hiyo mwenye kasuku akikohoa na kuwa na homa, amwambie muganga: Nina kasuku nyumbani. Muganga hawezi kuota jambo hilo.

NA UNAOTOKA KWETU

Jambo hili watu wanalisahau. Sisi vilevile tunamuua nyama. Mafua ambayo mutoto wako anapona kwa siku tano yanaweza kumuua sokomutu. Kifua kikuu chetu kinamushika. Mwaka 1966, ngambo ya Ziwa Tanganyika, pale Gombe, sokomutu walishikwa na ugonjwa wa kupooza, ule wa polio, wakati watu wa vijiji vya jirani waliugua nao. Wengine walikufa, wengine wakaburuta mukono au muguu. Wale waliowachunguza waliweka chanjo ndani ya ndizi ili kuwalinda waliobaki. Kama hayo yalipata nyama wanaokaa huru porini, yule anayekula katika sahani yako atapona kwa njia gani?

ANAPOKOMAA

Mutoto wa sokomutu anakumbatia. Dume aliyekomaa ana kilo 40 mpaka 60, na yule anayelishwa nyumbani anaweza kupita kilo hizo. Meno yake ni marefu, na nguvu zake zinapita za kijana wa shamba. Mwaka 2009, katika muji wa Stamford huko Marekani, sokomutu wa miaka 13, aliyelelewa katika nyumba ya watu tangu siku chache baada ya kuzaliwa, aliyezoea kuvaa nguo na kula mezani, alimurukia rafiki wa bibi yake. Alimuharibu uso na mikono yake. Polisi walimuua kwa risasi. Hakuwa nyama mubaya. Alikuwa sokomutu, na hakuna mutu aliyemuomba kuwa kitu kingine isipokuwa wale waliomununua.

Naye anaweza kuishi miaka 50. Wewe uliyemuleta, utakuwa wapi?

AKIKUUMA

Hapa ndugu wote wasikilize sana. Osha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni, muda wa dakika 15. Usikae kutafuta maji yaliyochemshwa. Maji safi ya mutungi na sabuni ya kufulia yanatosha. Usitie majivu, wala kahawa, wala mafuta ya gari, wala muti wa kukanda. Tunaona hayo yote hospitalini, na kazi yetu ya kwanza inakuwa kuyaondoa. Usifunge kwa nguvu. Kisha njoo siku ile ile, hata kama damu imekwisha kukauka, hata kama ni mukwaruzo mudogo wa mutoto aliyeogopa kusema. Ukitaka kujua kama mbwa ana kichaa, muganga anaweza kumuangalia siku 10. Kwa kima hatuitegemei hesabu hiyo. Shindano za chanjo zina siku zake: ukianza, umalize.

KAMA YUKO KWAKO TAYARI

Usimwache porini kwa usiku mumoja ukisema, Sasa yuko huru. Hajui kutafuta chakula, na ugonjwa wenu anaweza kuupeleka kwa wenzake. Tena atarudi kwenye mashamba, na jirani atamuua kwa panga. Usimuuzishe vilevile. Enda kwa wakubwa wa ICCN, au kwa mukubwa wa kijiji ili akupeleke kwao, useme wazi: Ninaye, ninataka kumutoa. Mpaka siku ile, watoto wasimubebe, mwenye mafua asimukaribie, na wote wanawe mikono kwa sabuni baada ya kumulisha.

Maulizo ya kuzungumza pamoja

1. Muwindaji wa kijiji ana watoto sita na hana shamba. Anakuletea kima mudogo, anasema: Usiponunua, tutalala njaa. Unaweza kumusaidia namna gani bila kununua?
2. Mugeni mwenye cheo anaomba kanisa limutafutie kasuku wa kumupa zawadi. Nani atamujibu, na kwa maneno gani?
3. Mutoto wako aliumwa jana akaficha. Utafanya nini ili mara nyingine aseme?