Kufunga Ndoa Uingereza kwa Viza ya Matembezi: Sheria na Bili ya Hospitali

Wengi hudhani mchumba akipata viza ya kawaida ya matembezi basi harusi inaweza kufungwa hapa hapa. Sivyo. Viza hiyo hairuhusu kufunga ndoa wala kutoa notisi ya ndoa. Iko viza yake maalumu, Marriage Visitor, ya hadi miezi 6, na huombwa mtu akiwa bado nje. Lakini angalia: mwenye viza hii akishaoa au kuolewa lazima aondoke, hawezi kuibadilisha kuwa ya mke au mume akiwa ndani ya nchi. Kama nia ni kubaki, ombeni viza ya mchumba.

Kwa England na Wales, tangu Februari 2023 kila mmoja lazima awe ametimiza miaka 18. Mnakaa kwanza siku 7 katika wilaya, ndipo mnakwenda wote wawili kwa msajili na pasipoti, uthibitisho wa anwani, na cheti cha talaka au cha kifo kwa aliyewahi kuoa au kuolewa. Kisha mnasubiri siku 28, ambazo zinaweza kufika 70. Kwa hiyo msikate tiketi ya wiki tatu!

Nikaha peke yake, bila msajili, haitambuliwi kisheria. Mahakama ya Rufani ilisema hivyo mwaka 2020 katika kesi ya Akhter na Khan. Dada zetu ndio huumia, maana ndoa ikivunjika hawana dai la mke mbele ya mahakama.

Sasa afya, ambayo watu huisahau kabisa. Mgeni wa viza hii hutozwa na hospitali za NHS za England asilimia 150 ya gharama. Chumba cha dharura ni bure, ila ukilazwa bili inaanza. Bibi harusi akiwa mjamzito, kliniki na kujifungua vyote hulipiwa. Hata hivyo hospitali hairuhusiwi kumnyima au kumchelewesha mjamzito kwa kuwa hana pesa, kwa hiyo asijifiche nyumbani kwa kuogopa bili. Deni la pauni 500 au zaidi likipita miezi 2 linaweza kupelekwa Wizara ya Mambo ya Ndani na kuharibu maombi ya viza ijayo. Zungumzeni mapema na hospitali mlipe kidogo kidogo. Matibabu ya kifua kikuu na ya virusi vya ukimwi ni bure kwa kila mtu, awe na viza gani.